Magnum ni chupa, si kizibo

Wiki iliyopita nimelisikia tena, safari hii redioni: watu wamekamatwa na nyara, na pamoja nazo "risasi saba za magnum, yaani zile kubwa." Hiyo "yaani" ndiyo iliyonikera. Mjomba wangu, niliyekuwa nakunywa naye chai, akauliza: kubwa kiasi gani? Nimefanya kazi misimu sita kwenye kambi ya wawindaji huko Rungwa, Tanzania, nikisafisha bunduki za wageni na kuhesabu risasi zao asubuhi na jioni, na bado sikuwa na jibu. Aliyesoma habari alikuwa ametaja neno tu, kitu chenyewe hakukitaja.

Maana haina mambo mengi. Kwa asili, magnum ni risasi ambayo ganda lake limepewa nafasi ya baruti nyingi kuliko ndugu zake wa kipenyo kile kile, ili kichwa kitoke kwa kasi zaidi. Basi. Neno halitaji unene wa kichwa wala ukubwa wa bunduki, na haliahidi kwamba nyati atalala.

Sehemu ya tatizo tumelizaa wenyewe. Kiswahili kimelitwisha neno risasi mizigo mitatu. Kwanza ni ile metali laini ya kijivu, jina lililotoka Uarabuni likiwa na maana hiyo hiyo, na fundi wa betri akisema risasi hafikirii bunduki hata kidogo. Pili ni kile kinachoruka na kupiga. Tatu ni kitu kizima unachokitia kwenye chemba ya bunduki: ganda la shaba, fataki ya kuiwasha baruti kwenye kitako chake, baruti tumboni, na kichwa kilichobanwa shingoni. Daktari anatoa risasi mwilini, mwenye duka anauza risasi kwa boksi, na wawili hao hawazungumzii kitu kimoja. Bunduki nayo ina kisa chake. Kwa Waarabu bunduq lilikuwa jina la kokwa fulani la mviringo. Likahamia kwenye gololi, na kutoka kwenye gololi likahamia kwenye chombo kinachoirusha. Yaani katika lugha yetu kitu kinachorushwa kimemeza majina ya majirani zake wote. Mtu aliyelelewa na maneno haya akisikia "risasi ya magnum" ataona kichwa kinene, na siwezi kumlaumu sana.

Magnum lenyewe ni Kilatini, na maana yake ni kubwa. Ila kabla ya kufika kwenye bunduki lilipitia baa. Katika karne ya 18 Waingereza walikuwa tayari wanaita hivyo chupa ya mvinyo yenye ujazo wa chupa mbili, ambayo kwa vipimo vya leo ni lita 1.5. Karne iliyofuata, mafundi bunduki wao nao wakawa wanalitia neno hilo kwenye majina ya risasi zenye maganda makubwa. Sasa itazame ile chupa. Mvinyo ni ule ule. Shingo ni karibu ile ile, hata kizibo cha chupa ya kawaida kinaitosha. Kilichokua ni tumbo. Kwenye risasi mambo ni hayo hayo, na bahati nzuri Kiswahili kinaita vyote viwili shingo: kichwa kinakaa shingoni kama kizibo, na magnum ni habari ya tumbo.

Ndiyo maana .357 Magnum ya bastola (namba hizi hutaja kipenyo cha kichwa kwa inchi, kwa kukadiria), iliyotoka Marekani mwaka 1935, hutumia kichwa cha kipenyo kile kile cha .38 Special. Kilichobadilika ni ganda, lililorefushwa kwa kama milimita 3, ili pia lisiweze kuingia kwenye bastola za .38 zisizoweza kuhimili nguvu yake. Na ndiyo maana kuna .22 Magnum ya mwaka 1959, yenye kichwa kisichofika milimita 6 kwa unene, risasi ya sungura, na ni magnum halali kabisa. Ukiniambia umekutwa na risasi saba za magnum, sijui kama ulikuwa unatafuta tembo au kitoweo cha jioni.

Kinachoniuma zaidi ni upande wa pili wa kosa hili, pale watu wanapodhani kwamba isiyoitwa magnum ni dhaifu. Mwaka 1911 kampuni ya John Rigby ya London ilitoa risasi ya .416. Katika jina la .416 Rigby hakuna magnum. Mwaka uliofuata wenzao wa London, Holland & Holland wakatoa .375 yao, na hiyo wakaiita Magnum. Chukua maganda mawili yaliyokwisha kupigwa, uache fataki zake zilizokufa humo humo zizibe tundu, uyajaze maji mpaka mdomoni, kisha uyapime. La .375 litabeba kama gramu 6 za maji. La Rigby litapita gramu 8. Yule asiye na cheo ana tumbo kubwa kuliko mwenye cheo. Kisha mwaka 1988 Remington wa Marekani wakaja na .416 yao, kichwa kile kile cha milimita 10.6, kasi karibu ile ile, ndani ya ganda dogo kuliko la Rigby, na wakaiita Magnum.

Linawezekanaje? Kwa shinikizo. Baruti ya Rigby wa zamani ilikuwa kordaiti, nyuzi nyuzi kama tambi, na kordaiti ikipata joto huwaka kwa ukali zaidi. Bunduki iliyojaribiwa kwenye ubaridi wa Uingereza ilikuwa inakwenda kutumika Tanganyika na India mchana wa saa nane. Nafasi ile ya ziada kwenye ganda ilikuwa ya kupumulia. Hata leo kanuni za Ulaya zinaiwekea .416 Rigby kikomo cha baa 3,250 (baa ni kipimo cha shinikizo), wakati .375 H&H inaruhusiwa mpaka 4,300. Tumbo kubwa, shinikizo la upole, ganda linatoka kwenye chemba bila kung'ang'ania. Kwa mtu aliyesimama hatua ishirini kutoka kwa mbogo aliyejeruhiwa, hilo ganda kutoka ni jambo kubwa kuliko kasi.

Nililiona kwa macho yangu. Mgeni mmoja alikuja Oktoba na .416 Rigby, bunduki nzuri ya kale, na risasi alizozijaza mwenyewe kwa mkono kwao, wakati wa theluji. Kujaza kwa mkono kwa risasi adimu kama hiyo si ajabu. Viwanda vya Uingereza vilipoacha kuzitengeneza miaka ya 1970, mwenye bunduki ya Rigby alibaki na mambo mawili: ajaze mwenyewe au aitundike ukutani. Wazee wetu wa gobore hawakujua namna nyingine. Kila mlio wao ulishindiliwa kwa mkono. Lakini huyu bwana alikuwa na msemo wake, aliourudia mezani mara mbili: hii ni magnum, kwa hiyo nimeijaza kama magnum. Alikuwa ameongeza baruti mpaka shinikizo la akina Remington, kwenye ganda lililoumbwa ili lisifike huko.

Boksi lilishinda juu ya dashibodi ya Land Cruiser. Jioni alipiga shabaha moja kwenye mti ili kuhakiki darubini, akavuta boliti ili kutoa ganda, boliti ikagoma. Akavuta tena. Nikaipokea, nikaipiga kwa kiganja kutoka chini mara tatu ndipo ikafunguka, na ganda likatoka likiwa na alama ya kung'aa kwenye kitako, fataki imelala bapa kama imepigwa pasi. Mwindaji bingwa aliligeuza mkononi, akaniambia, "Kijana, kusanya zote zilizobaki, weka kwenye sefu." Mgeni akawinda safari nzima kwa .375 ya kukodi. Alimpata nyati wake siku ya nne.

Anayejaza kwa mkono anahitaji kuelewa neno hili kuliko mtu yeyote, kwa sababu analinunulia vitu dukani. Kazi yenyewe ukiitazama ni ya subira tu: unasafisha ganda, unalirudisha kwenye umbo lake kwa mashine ya mkono, unapachika fataki mpya, unapima baruti kwa mizani, unabana kichwa kwa kina kinachotakiwa. Kipimo ni greni, ambacho watu huchanganya na punje. Greni ni uzito. Ratili moja ina greni 7,000, gramu moja ina 15 na ushei. Mtu anayesema "kichwa cha greni 300" anazungumzia gramu 19.4, na hajahesabu punje yoyote. Kiasi cha baruti hutoka kwenye jedwali la risasi hiyo hiyo kwa jina lake kamili, kichwa hicho hicho, baruti hiyo hiyo, na huanzia kiwango cha chini na kupanda taratibu. Neno magnum halikupi ruhusa ya kuongeza hata greni moja. (Na kwetu, silaha na risasi zina sheria yake ya mwaka 2015, mtu asisome hapa akaamka kesho kujaza maganda jikoni.)

Halafu kuna fataki za magnum, na hapa neno linabadilika maana tena. Hizi hutoa mwali mkali na mrefu zaidi, kwa ajili ya kuwasha baruti nyingi ya aina inayoungua polepole. Sasa .416 Rigby, isiyoitwa magnum, kwa kawaida hujazwa kwa fataki za magnum kwa sababu ya tumbo lake. Na .357 Magnum, yenye jina, kwa baruti nyingi hutumia fataki za kawaida. Anayechagua fataki kwa kulinganisha majina atakosea pande zote mbili.

Mshipi pia unasingiziwa. Maganda mengi ya magnum yana pete nene juu kidogo ya kitako, na nimewasikia watu wazima wakisema ni ya kuongeza nguvu. Hapana. Bega (pale ganda linapopungua kuwa shingo) la .375 H&H limelala mno, nyuzi 15 tu, na ganda zima limechongoka; bega la namna hiyo si kizuizi cha kuaminika, risasi inaweza kuzama ndani ya chemba kupita kiasi. Mshipi ndio unaoikamata. Rigby ana bega la nyuzi 45, limesimama kama la mpagazi, hahitaji mshipi wala hana. Hata hivyo, Weatherby, mtengenezaji bunduki wa Marekani, alipotoa .378 Magnum yake mwaka 1953, kwenye ganda la ukubwa kama wa Rigby, aliliongezea mshipi. Kufikia hapo mshipi ulikuwa kilemba.

Kwa mjazaji, mshipi huo una hila yake. Akilirudisha bega nyuma mno kila mara, kwa imani kwamba mshipi unatosha, ganda hunyooka kila linapopigwa, na hunyooka pale pale juu ya mshipi. Baada ya kupigwa mara kadhaa utaona mstari mwembamba wa kung'aa ukizunguka ganda. Kunja ncha ya kibanio cha karatasi, kiingize ndani, kikwaruze ukuta kutoka chini kwenda juu. Kikinasa kwenye kijimtaro, litupe ganda hilo. Litakatika vipande viwili ndani ya chemba, na nusu ya mbele itabaki humo siku usiyoitaka ibaki.

Na .458 je, ile ambayo askari wengi wa wanyamapori wetu wanaijua kwa mkono? Ni magnum ya mwaka 1956, ya kampuni ya Winchester, na kichekesho chake ni kwamba iliitwa Magnum baada ya ganda la familia ya .375 kufupishwa, ili iingie kwenye bunduki za urefu wa kawaida. Nafasi ikawa finyu, baruti ikabidi ishindiliwe, na malalamiko ya risasi kutoka kwa uvivu yakawa mengi kiasi kwamba mwaka 1971 mwindaji Jack Lott alilirefusha ganda upya. Risasi yake inaitwa .458 Lott. Lina nafasi zaidi, na halina magnum katika jina.

Mjomba alisikiliza mpaka chai ikapoa, kisha akarudi pale pale: sasa wale waliokamatwa, risasi zao zilikuwa kubwa au ndogo? Nikamwambia sijui, mjomba. Labda zilikuwa .458, labda .375, labda za sungura. Msomaji wa habari angesema "risasi saba za .458 Winchester Magnum" tungejua wote wawili, na ile "yaani" asingeihitaji.