Kwa nini Mwingereza aliyeudhiwa "husimama manyoya"?

Ukisoma magazeti ya Kiingereza hutakosa kukutana na msemo "raise hackles": kauli ya waziri fulani imefanya hivyo, au kodi mpya. Kamusi itakwambia maana yake ni kuudhi watu, na wengi huishia hapo. Lakini "hackles" ni kitu cha kushikika kabisa. Ni yale manyoya marefu, membamba, yanayong'aa shingoni mwa jogoo.

Watazame majogoo wawili wageni wanapokutana uani. Kwanza wanazungukana, kila mmoja akijifanya anadonoadonoa chini. Mara vichwa vinainama, macho yanakutana, na manyoya ya shingo yanafumka kama mwavuli. Hakuna aliyerusha teke bado, ila aliyefuga kuku anajua kinachofuata. Waingereza walilijua vizuri mno, maana kupiganisha majogoo kulikuwa kamari yao kwa karne nyingi, hadi sheria ya mwaka 1835 ilipoupiga mchezo huo marufuku.

Neno hilohilo likatumika pia kwa mbwa, kwa zile nywele za shingoni na mgongoni zinazosimama anapobweka. Mwisho likamfikia binadamu.

Kinachotokea ni hiki. Chini ya ngozi, kila unywele umeshikwa na kimsuli kidogo. Mnyama akishtuka, mwili humwaga homoni iitwayo adrenalini, vimsuli vinakaza, nywele zinasimama, na mwenyewe anaonekana mkubwa kuliko alivyo. Paka akikutana na mbwa, mkia wake unakuwa kama brashi ya kuoshea chupa. Sokwe dume wa hifadhi ya Gombe, Tanzania, ambao mtafiti Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, hutimka nywele mwili mzima kabla ya kutimua mbio wakiburuta matawi. Mnyama haamui, humtokea tu. Tena si lazima awe na hasira, kwani mbwa mwoga au aliyechangamka kupita kiasi naye nywele humsimama. Wajuzi hushauri utazame pia masikio na mkia. Mimi hutazama kwanza kama geti limefungwa.

Vimsuli hivyo tunavyo hata sisi, ila nywele zenyewe zimebaki kidogo sana, kwa hiyo hakuna wa kumtisha. Tunaambulia vipele mkononi. Vinywele hivyo Kiswahili kinaviita malaika, kimoja laika, na malaika hayo hutusimama kwa baridi, kwa hofu, au kwa sauti tamu ya mwadhini alfajiri. Kwa hasira, la. Hasira tumeiachia mori, nayo pia hupanda: mtu hupandwa na mori.

Kwa hiyo anayetafsiri habari ile ya waziri aandike kwamba kauli yake imewapandisha watu mori. Akishikilia manyoya, msomaji atabaki akijiuliza bungeni kumeingia kuku gani.