Hewa ukaa itokayo mitoni

Ukiuliza hewa ukaa inatoka wapi, utatajiwa magari, viwanda na misitu inayoungua. Mto hautajwi. Hata wanasayansi kwa miaka mingi waliuhesabu mto kama bomba tu: unapokea kaboni ya majani makavu na udongo uliosombwa na mvua, unaifikisha baharini, basi.

Mwaka 2007 kundi la watafiti lilirudia hesabu hiyo na kuonyesha kwamba bomba linavuja, tena sana. Vijidudu vya majini hula mabaki hayo yakiwa bado safarini na kutoa hewa ukaa. Maji mengi ya mito yameshiba hewa hiyo kupita kiasi, nayo hutoroka kama inavyotoroka kwenye soda iliyofunguliwa. Makadirio ya 2013 yalifikia takribani tani bilioni 2.1 za kaboni kwa mwaka kutoka mito na maziwa, sehemu kubwa ikiwa ya mito. Makaa ya mawe, mafuta na gesi hutoa karibu tani bilioni 10.

Takwimu kama hiyo ikitoka, huzaa tafsiri mbili, na zote zina kasoro.

Ya kwanza husema angani kumbe kuna hewa ukaa nyingi kuliko tulivyodhani. Sivyo. Iliyoko angani hupimwa moja kwa moja. Kule kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, Charles David Keeling alianza kuipima mwaka 1958 ikiwa karibu sehemu 315 kwa kila milioni, na leo imepita 420. Ugunduzi wa mito haukuongeza hata chembe. Fikiria daftari la duka: salio unalijua kwa hakika, kisha unakuta mapato ambayo hayakuandikwa. Lazima yapo na matumizi ambayo hayakuandikwa. Kwa hiyo mimea na udongo wa nchi kavu hufyonza zaidi ya tulivyokuwa tukihesabu, na sehemu ya kaboni hiyo ndiyo inayoponyokea mitoni.

Ya pili husema, kumbe ni maumbile, binadamu anasingiziwa. Hii nayo huangushwa na daftari lile lile. Kila mwaka binadamu hutoa kaboni nyingi kuliko inayoongezeka angani. Karibu nusu tu ndiyo hubaki huko. Ukijumlisha bahari, misitu, udongo na hiyo mito, maumbile yanafyonza kuliko yanavyotoa.

Tahadhari yetu juu ya takwimu kama hizi ina historia. Mwaka 2006 utafiti mmoja ulidai kwamba mimea hai hutoa methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto, kwa wingi wa kutisha, watu wakaanza kuuliza kama kupanda miti kuna faida. Mwaka uliofuata kundi jingine lilipima mimea iliyokuzwa kwa kaboni yenye alama maalumu, likakosa ushahidi wa kiasi kikubwa namna hiyo.

Hoja ya mito haijaporomoka hivyo, ila haijamalizika kuchunguzwa. Mwaka 2025 watafiti waliopima umri wa kaboni inayotoka mitoni waliripoti kwamba zaidi ya nusu ni ya zamani, ya maelfu ya miaka na zaidi, kutoka udongo wa chini na miamba. Kigumu zaidi ni vijito vya milimani: ni vingi mno, vingine hukauka nusu ya mwaka, na maji yake yanayoruka mawe huachia hewa haraka kabla kipimo hakijatumbukizwa.