Hitilafu ya vipindi: gari linalozima njiani na kuwaka likifika kwa fundi

Hitilafu ya vipindi ni ubovu unaokuja na kuondoka. Gari linazima katikati ya safari, linasukumwa pembeni, linakaa nusu saa, kisha linawaka vizuri tu. Likifika gereji, fundi anawasha, anapiga resi, anasikiliza, haoni kasoro. Hapo ndipo wengi wenye magari ya zamani huku kusini mwa Tanzania wanapoanza kuchoma fedha: leo plagi mpya, wiki ijayo pampu, mwezi ujao koili (kifaa kinachokuza umeme wa cheche za plagi), na gari bado linazima.

Ubovu wa kawaida unakuwepo muda wote, ukiutafuta unaukuta. Huu wa vipindi hujitokeza pale tu sharti fulani linapotimia: joto, mtikisiko, unyevu, au mafuta kupungua tenkini. Sharti likiondoka, kifaa kinarudi kazini. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni kifaa gani kimekufa, uliza gari linazima lini, na linazima vipi.

Joto ndilo msumbufu mkubwa. Koili, na sensa nyingi za kranki (zinazofuatilia mzunguko wa injini) za magari ya zamani, zina waya mwembamba sana uliosokotwa ndani. Ukizeeka hupata ufa usioonekana. Ukipata moto unatanuka, ufa unaachana, umeme unakatika. Ukipoa, ufa unagusana tena. Ndiyo maana gari lililotoka Masasi mchana na mzigo linaweza kukatika kwenye mlima wa kupanda Newala, na jioni likawaka lenyewe. Kulipima gari hilo asubuhi likiwa baridi ni kupoteza muda. Fundi makini huliacha lichemke mpaka lizime mbele yake, na hapohapo hukagua kama plagi inatoa cheche. Ikiwa haitoi, anaweza kuilazia koili kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri. Gari likiwaka mapema kuliko kawaida yake, koili inastahili kupimwa kabla ya kitu kingine chochote.

Namna ya kuzima nayo inasema mengi. Likikatika ghafla kama mtu kageuza ufunguo, anza na umeme. Likidhoofika kwanza, likavutavuta na kukosa nguvu, anza na mafuta. Kwenye gari la gia za mkono kuna dalili nyingine ambayo madereva wengi huipita: mshale wa mizunguko ya injini. Gari likizima huku bado linaserereka likiwa kwenye gia, magurudumu yanaendelea kuizungusha injini, hivyo mshale unatakiwa ushuke polepole pamoja na mwendo. Ukianguka kwenye sifuri papo hapo, sensa ya kranki au umeme wa kuwashia ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Upande wa mafuta, jaribu kitu kisichogharimu hata senti. Gari likizima baada ya mwendo mrefu, fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani na gari likawaka, njia ya hewa ya tenki imeziba. Pampu ilikuwa inavuta na kitu hakiji. Na anayependa kutembea na taa ya mafuta ikiwaka ajue kwamba pampu iliyo ndani ya tenki hupozwa na petroli yenyewe. Mafuta yakiwa kidogo siku zote, inachemka na kuchoka mapema, tena takataka za chini ya tenki huvutwa kwenye chujio.

Kwa magari yanayolala karibu na bahari, Mikindani au Lindi mjini, mimi ningeanza na nyaya. Chumvi ya hewani hula viungo kimyakimya. Fungua teminali za betri utafute unga mweupe au wa kijani, halafu ufuate waya wa athi, ule unaotoka hasi ya betri, mpaka unapofungwa kwenye injini. Kwa juu bolti linaweza kuonekana zima. Lifungue, ukute kutu imejaa pale chuma kinapogusana na chuma. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bloku ya injini, mwenzako apige stata: ikisoma zaidi ya volti 0.5, kiungo hicho kisafishwe. Kisha injini ikiwa inanguruma, tikisa fungu moja la nyaya baada ya jingine, pamoja na relei (swichi ndogo za umeme) na ufunguo kwenye swichi. Ikistuka, umefika.

Kupima kwa kompyuta kunasaidia, ila kusichukuliwe kuwa ndiyo hukumu. Mfumo wa OBD-II, yaani wa gari kujipima lenyewe na kusomwa kwa kompyuta, ulilazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia 1996. Magari mengi ya Japani ya kabla ya hapo hutoa misimbo (alama za ubovu) kwa kupepesa taa ya injini tu. Na waya ulioachia kwa sekunde moja unaweza usiache msimbo wowote. Daftari la dereva linazidi hapo: limezima saa ngapi, baada ya mwendo gani, tenki likiwa na kiasi gani, kwenye mlima au tambarare, mvua au jua.

Wakati bado mnatafuta, jihadharini barabarani. Injini ikizima, usukani wa pawa unakuwa mzito, na breki inabakiwa na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu. Usiipampu. Ikanyage mara moja kwa uthabiti, washa taa za hatari, litoe gari barabarani kabisa, kisha weka pembetatu ya tahadhari nyuma mbali vya kutosha ili lori linalokuja kwa kasi lilione mapema.