Joto la mabaki halipotei njiani kama watu wanavyodhani

Kuna hii imani imekaa miaka na miaka, kwamba joto linalobaki kwenye mitambo haliwezi kupasha nyumba za mji mzima sababu eti maji yatafika yashapoa. Jamani, sio hivyo. Angalia Iceland, mtambo wa Nesjavellir unaotumia joto la ardhini ukishazalisha umeme, mvuke uliobaki unapasha maji yanayosafiri kilomita 27 hadi Reykjavik, na njia nzima hiyo yanapoteza kama nyuzi 2 tu! Siri ni bomba nene lililozungushiwa sufi ya mawe (nyuzinyuzi za mwamba zinazozuia joto lisitoke) halafu juu likavikwa bati la alumini, na maji yenyewe ni mengi mno na yanatembea muda wote, kwahiyo hayapati nafasi ya kupoa.

Ugumu wa kweli uko kwingine, joto la seva (kompyuta kubwa za kuhifadhi data) au la majitaka huwa la uvuguvugu tu. Hapo ndo zinaingia pampu za joto, zinakula umeme kiasi ili kulipandisha. Helsinki, Finland, wanao mtambo wa Katri Vala, uko chini ya ardhi, juu yake ni bustani, tangu 2006 unavuna joto la majitaka yaliyokwisha kusafishwa, na mtambo huohuo unatoa ubaridi wa kupooza majengo, hilo mi nalikubali sana.