Kadi yako haijafa, picha ndiyo imevutwa

Juzi kaja dogo na laptopu kwenye begi la shule. Gemu "lina ukungu". Fundi aliyemtangulia kamwambia kadi ya picha, ile inayochora picha za kompyuta, imekufa, atafute laki nne. Nikafungua setingi za gemu mbele yake, nikashuka hadi kwenye rezolusheni, ile hesabu ya nukta za picha kwa upana na urefu. Kubwa kuliko zote pale ilikuwa 1536x864. Nikacheka peke yangu, dogo akadhani namcheka yeye.

Huyo ni wa nne mwezi huu.

Kwanza, kadi ya laptopu ile iko ndani ya prosesa. Haichomolewi kama laini ya simu. Hiyo laki nne ilikuwa ya kununua nini, muulizeni aliyeitaja. Pili, kadi inayokufa haileti ukungu. Inaleta mistari, vidoti vya rangi za ajabu, kioo kinazima ukiwa katikati ya mechi. Ukungu uliotulia, wa leo sawa na wa jana, ni picha ndogo iliyovutwa ienee kwenye kioo kikubwa. Swali la maana ni moja tu: nani kaivuta?

Rudi kwenye ile 1536x864. Kioo cha dogo ni 1920x1080. Gawa 1920 kwa 1.25, unapata 1536. Gawa 1080 kwa 1.25, unapata 864. Maana yake Scale, kile kikuza herufi cha Windows, iko 125%, na gemu halijui. Ukikuta gemu linagoma kuvuka 1280x720 kwenye kioo hicho hicho, jua Scale ni 150%. Namba hizi nimezishika kuliko namba ya simu ya mke wangu.

Hapa ndipo mnaponichosha, kwa hiyo nitakaa hapa. Rezolusheni na Scale si kitu kimoja. Rezolusheni ni idadi ya pikseli, yaani nukta za kioo, zinazowashwa. Scale ni ukubwa wa herufi na vitufe vinavyochorwa kwa pikseli hizo hizo. Mtu ananunua mashine ya 1920x1080, anaona herufi ndogo, anashusha rezolusheni hadi 1366x768, anafurahi kwamba sasa anasoma bila miwani. Kaka, hapo kutoka pikseli milioni mbili na ushee umebaki na milioni moja na kidogo. Nusu ya kioo ulicholipia umeitupa. Baada ya wiki unakuja kwangu unalalamika gemu halina nyuso, lina uji.

Zamani za kioo cha chogo ungeshusha tu na mambo yangekwenda, maana kile hakikuwa na gridi ya pikseli iliyopangwa moja kwa moja. Kioo bapa kina pikseli zake, hesabu yake haibadiliki. Ukikipa 1366x768 kijaze 1920x1080, kila pikseli moja inatakiwa ikae kwenye nafasi ya pikseli moja na vipande. Kipande cha pikseli hakipo, basi kioo kinakisia kwa kuchanganya rangi za majirani. Huo mchanganyiko ndio ukungu wenu. Ndiyo maana 1920x1080 kwenye kioo cha 3840x2160 inaweza kutoka safi: moja inakuwa nne kamili, hakuna kukisia. Nasema inaweza, kwa sababu vioo na draiva (programu zinazoendesha kadi ya picha) vingi vinalainisha hata pale pasipohitaji kulainishwa. Ukiona draiva yako ina chaguo la kuvuta kwa namba kamili, liwashe. Kwa Nvidia, watengeneza kadi za picha, lilikuja 2019, kwa kadi za kuanzia kizazi cha Turing.

Sasa Scale inaharibuje gemu? Programu za zamani ziliandikwa zikiamini kila kioo kina nukta 96 kwa inchi. Tangu toleo la Vista, Windows inazidanganya programu ambazo hazijajitambulisha kwamba zinaelewa Scale. Inaziambia kioo ni kidogo, zinachora kidogo, kisha yenyewe inavuta picha. Kwa kikokotoo ni msaada mzuri. Kwa gemu ni balaa. Na lipo balaa la pili: gemu linalong'ang'ania dirisha la 1920x1080 ndani ya uongo huo linapewa 2400x1350. Ramani ya kona ya chini inatoka nje ya kioo, au unabofya "anza" kinaitika kitufe cha jirani. Mteja mmoja alishabadilisha mausi mbili kwa ugonjwa huu.

Dawa: bofya kulia faili la .exe la gemu, Properties, Compatibility, Change high DPI settings, weka tiki kwenye Override, chini yake chagua Application. Ni faili la gemu lenyewe, si la kile kidirisha kinacholianzisha. Wengi wanakosea hapo. Funga, fungua gemu. Kwa dogo orodha ikafika 1920x1080 palepale.

Haifanyi kazi kila mara. Kuna magemu nimeweka tiki na hayakubadilika, nikarudisha Scale 100%, nikatoka na kuingia upya kwenye akaunti, yakakubali. Niliporudisha 125% yakaendelea kukubali. Niliandika bili nikiwa na uso wa mtu anayejua alichofanya.

Kabla ya kugusa chochote, tazama herufi za ndani ya gemu. Kama risasi zilizobaki na jina la mchezaji zinasomeka kali huku nyasi na nyuso zina ukungu, Windows haihusiki. Ni ile setingi ya asilimia iliyo ndani ya gemu lenyewe, mara nyingi inaitwa Render Scale au Resolution Scale. Asilimia 70 inasikika kama punguzo dogo, lakini ni 70 kwa upana na 70 kwa urefu, yaani pikseli zimebaki kama nusu. Kwa mashine dhaifu hiyo ndiyo njia ya heshima ya kupata kasi: acha rezolusheni ya kioo, punguza asilimia, herufi zibaki zinasomeka. Mimi mwenyewe kwenye kioo cha inchi 14 sioni tofauti ya 85 na 100 hadi nisogeze pua. Wanaoapa wanaiona, sawa.

Kama herufi nazo zina ukungu, kuna anayevuta nje ya gemu. Mwenye monita ya pembeni afungue menyu ya monita yenyewe kwa vitufe vyake, kwenye taarifa za mawimbi. Gemu liko 1280x720 na monita inasema inapokea 1920x1080? Aliyevuta ni kompyuta. Inasema 1280x720? Ni monita.

Mengine haraka haraka. Wa gemu la Counter-Strike mnaovuta makusudi picha ya 4:3, ile ya umbo la TV za zamani, ili adui aonekane mnene, ni starehe yenu, msiniletee kama ugonjwa. TV inayokata kingo za picha haina shida ya rezolusheni, tafuta kwenye menyu yake Just Scan au Screen Fit. Monita ikikuandikia haiwezi kupokea mawimbi baada ya kuchezea setingi, usisakinishe upya gemu lote. Futa faili la setingi. Kwa GTA San Andreas ni gta_sa.set, iko kwenye Documents, na gemu litajiundia jingine.

Mkija, njooni na namba tatu kwenye karatasi: rezolusheni ya kioo, asilimia ya Scale, na rezolusheni kubwa kabisa ambayo gemu linakubali. Dogo sikumdai kitu. Ila Scale nayo niliirudisha 100%, na jioni mama yake akapiga simu kwamba nimeharibu herufi.