Mparachichi mchanga: yanayosemwa shambani na yaliyo kweli

Miche mingi ya Hass, aina ya parachichi, inayokauka kuanzia Njombe hadi Murang'a haifi kwa kutelekezwa. Inauawa na bidii ya mwenye shamba.

"Ukiupogoa sana utawahi kuzaa."
Kinyume chake. Mparachichi hutoa maua kwenye ncha za matawi, kwa hiyo ukiufyeka umeyafyeka na maua, nao unajibu kwa machipukizi marefu ya majani matupu. Tena gome lake ni jembamba: likikosa kivuli cha majani, jua huliunguza hadi likapasuka. Kata kilele mti ukifika kama mita 1, kisha bakiza matawi 3 au 4 yanayotazama pande tofauti, yakiwa yamepishana kwenye shina. Tawi lililosimama karibu wima liondoe mapema; siku likilemewa na matunda litachanika hapo lilipoungana na shina.

"Chipukizi lolote ni neema."
Litazame limetokea wapi. Chini ya kovu la kubebeshea, yaani pale Hass ilipounganishwa juu ya mche mwingine, hilo si Hass, ni la shina mama, huo mche wa chini, na likiachwa litaumeza mti wote. Likwanyue likiwa bado laini. Hapohapo kagua nailoni iliyofungiwa penye kovu hilo: ikisahaulika hukaba shina, mti ukadumaa, na mkulima akaendelea kumwaga mbolea kwenye mti ulionyongwa.

"Majani yamenywea, ongeza maji."
Hili ndilo linaloua zaidi. Mizizi inayolisha mti iko juujuu, mingi ndani ya sentimita 30 za mwanzo, na inahitaji hewa. Udongo ukituama maji, ugonjwa wa kuoza mizizi huingia, na majani hunywea vilevile kama ya mti wenye kiu. Chomeka kidole chote ardhini. Ukikuta unyevu, subiri. Ukiwa na shaka, fukua kimzizi kimoja: kizima ni cheupe-maziwa, kilichooza ni cheusi na hukatika ukikigusa. Penye udongo mzito, panda juu ya tuta.

"Jaza shimo samadi."
Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha debe 1 au 2 za samadi iliyooza, iliyochanganywa na udongo wa juu. Mbichi huunguza mizizi. Kovu libaki juu ya ardhi, na matandazo yasiguse shina. Acha nafasi ya kiganja.

"Maua ya kwanza ni baraka."
Ya mwaka wa kwanza yapukutishe yote.