Wimbi ni nini hasa?

Mpwa wangu yuko kidato cha nne. Jumapili alinijia na daftari la fizikia na uso wa mtu aliyedhulumiwa. "Mjomba, hapa pana wimbi la sauti, huku wimbi la redio. Taarifa ya habari jana wamesema wimbi la joto. Na yule mama jirani aliyetoka Kisumu anauza unga wa wimbi. Ni neno moja au maneno manne?"

Unga tuumalize kwanza. Wimbi la uji ni nafaka, ndio ulezi wetu huu huu, na limegongana na lile jingine kwa sauti tu. Hayo mengine ndiyo yaliyotupeleka ziwani.

Tulikaa kwenye mawe ya Ziwa Victoria upande wa Kirumba, hapa Mwanza, alasiri, wakati ambao upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Mbele yetu palikuwa na dumu la njano lililofanywa boya. Nikamwambia aliangalie kama linasogea. "Limefungwa kamba, Mjomba." Kweli. Bahati nzuri mbele kidogo ilikuwa inaelea kandambili moja ya bluu, ambayo mwenyewe simjui. Wimbi likaja, kandambili ikapanda, ikasogea mbele kidogo, ikashuka, ikarudi nyuma. Likaja la pili, hivyo hivyo. Yalipita mawimbi kumi chini yake, yote yakaja kuvunjikia miguuni petu, na kandambili ilikuwa imesogea kama shibiri mbili, nazo kwa sehemu kubwa ni kazi ya upepo.

Sasa kama si maji yaliyosafiri, kilichosafiri ni nini? Mtikisiko. Kule mbali upepo umeyasumbua maji, maji yakayasumbua ya jirani yake, nayo yakapokezana hadi hapa. Kila tone linazunguka kiduara palepale lilipo, lakini nishati inafika pwani. (Kwenye maji mafupi mambo hubadilika: wimbi linajikwaa, linavunjika, na hapo maji yenyewe husukumwa kweli. Ndiyo maana nilimzuia asiifuate kandambili.) Hilo ndilo wimbi la mwanafizikia: mtikisiko unaosafirisha nishati bila kukihamisha kile kitu kinachotikisika.

Tukahesabu. Yalipita mawimbi 30 kwa dakika, yaani nusu wimbi kwa sekunde. Hayo ni masafa. Kutoka kilele hadi kilele, kwa kukadiria, mita 6. Huo ni urefu wa wimbi. Zidisha: mita 3 kwa sekunde, mbio za mtu asiye na haraka. Hesabu hiyo moja, urefu mara masafa, inafanya kazi kwa kila wimbi la fizikia, na ndiyo sababu wameyaita yote kwa jina moja.

Kwenye sauti, kinachotikisika ni hewa, na haipandi na kushuka, inabanwa na kuachiwa kuelekea kule kule sauti inakokwenda. Kasi yake ni kama mita 340 kwa sekunde. Ndani ya maji inafika karibu 1,500, na kifaa cha kutafutia samaki kinaitegemea hiyo: kinatuma mlio chini, kinasubiri mwangwi, kinapiga hesabu ya kina.

Kwenye redio na mwanga ndipo kandambili inapokosa pa kuelea. Wanasayansi wa karne ya 19 waliona haiwezekani wimbi liwepo bila kitu cha kutikisika, wakaamini anga zima limejaa kitu wakakiita etha. Mwaka 1887 Michelson na Morley, Wamarekani wawili, walikitafuta kwa kipimo makini sana, wasikione. Kinachopanda na kushuka kwenye mwanga ni nguvu za umeme na sumaku zenyewe, hata mahali pasipo na kitu, kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde. Stesheni ya FM iliyoko kwenye megahezi 100, yaani mawimbi milioni 100 kwa sekunde, inakuletea mawimbi ya urefu wa mita 3. Mwanga ni kitu kile kile, ila urefu wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita.

Tofauti hiyo ya urefu unaweza kuiona kwa macho pale kwenye Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini hapa Mwanza. Lisimamie siku ziwa limechafuka kidogo. Ungedhani nyuma ya jiwe maji yangetulia kama kivuli kinavyokaa nyuma ya ukuta. Hayatulii. Mawimbi yanapinda pembeni mwa jiwe na kuingia kule nyuma, kwa sababu urefu wao si mdogo mno ukilinganisha na jiwe. Sauti ya mtu ina mawimbi ya urefu wa kuanzia mita kadhaa hadi sentimita, kwa hiyo nayo inapinda kona ya nyumba. Mwanga ni mfupi mno, kona haiupindishi kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana unamsikia jirani anayekusengenya nyuma ya nyumba na humwoni.

Na ardhi nayo ina yake. Tarehe 10 Septemba 2016, mchana, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba, na sisi huku ng'ambo ya ziwa tukalisikia. Vikombe vililia kabatini. Mawimbi ya tetemeko ni ya aina mbili kuu: yale yanayobana na kuachia kama sauti, hufika kwanza, yale yanayotikisa kando kwa kando hufuata. Hayo ya pili hayapiti kwenye kimiminika, na kwa kuona wapi yamekatikia wanasayansi walijua kwamba kiini cha nje cha dunia ni cha kuyeyuka, bila mtu yeyote kuchimba hata robo ya safari.

Hadi hapa ukoo ni mmoja. Baada ya hapo neno linaanza kuazimwa.

Mpima moyo atakuonyesha karatasi yenye mstari unaopanda na kushuka, na atasema "wimbi la P", "wimbi la T". Anazungumzia vinundu vya mchoro wa umeme wa moyo. Mtu wa takwimu za magonjwa naye anatazama mchoro: wagonjwa wameongezeka, wamepungua, wameongezeka tena, basi ni wimbi la pili. Mafua makubwa ya 1918 yalikuwa na mawimbi matatu, la pili likiwa baya zaidi. Lakini weka kandambili hapo: kirusi hakimwachi mtu nyuma, kinapanda naye meli na basi. Kinachofanana na ziwa ni umbo la mstari kwenye karatasi tu. Mimi sina ugomvi na matumizi hayo, ilimradi tukumbuke kwamba huwezi kujua uko kwenye wimbi la ngapi mpaka mstari ushuke.

Wimbi la joto nina ugomvi nalo. Hapo hakuna kinachotikisika wala kupita. Mara nyingi ni hewa iliyotuama mahali pamoja siku kadhaa ikazidi kupata moto. Ni kinyume cha wimbi, lakini jina limeshakaa.

Halafu kuna wanafizikia wa chembe ndogo. De Broglie, Mfaransa, alidai mwaka 1924 kwamba hata elektroni ina urefu wa wimbi, na majaribio ya 1927 yakamthibitisha. Kinachopanda na kushuka ni nini? Mwanafizikia mwenzake, Max Born, alikuwa ameshajibu mwaka 1926: ni uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Hapo kandambili yangu inazama kabisa, na nilimwambia mpwa hivyo hivyo.

Tulirudi na daladala, tukakwama kwenye foleni. Dereva akiondoka anasimama, akiondoka anasimama. Mpwa alikuwa mbele, anachungulia. "Mjomba, angalia taa za breki." Mbele kabisa gari moja liliwasha taa nyekundu, likafuata la nyuma yake, na la nyuma yake tena, wekundu ukaja kwetu, ukatupita, ukaendelea nyuma, huku magari yote yakielekea mbele. "Hili ni wimbi au limeazimwa?"

"Weka kandambili."

Akafikiri kidogo. "Sisi ndio kandambili."

Konda akadai nauli.